Samaki Anayepokea Watoto

Rehema mwanangu,

Nimempigia simu nyanya yako nikimwomba akuachilie mapema kesho asubuhi. Akanijibu kwamba mjukuu wake hatoki Gesima kwenda safari ya mbali kabla ya kula matoke yake, kana kwamba huko Thika, kwenye chuo chako, ndizi hazijafika. Basi ukirudi utaikuta barua hii juu ya sanduku lako. Nakuandikia hapa dukani. Nimeshafunga mlango wa mbele, na baba yako amekwenda msikitini kwa miguu yake na mkongojo wake. Alikataa nimsindikize.

Mambo ya kufunga mlango, kuchemsha maji na kuchagua marafiki nayaacha. Hayo unayajua, na mengine ni wewe uliyenifundisha mimi. Nataka kukuandikia habari ya lile fumbo la maneno la gazetini. Hatujawahi kulizungumza sawasawa. Wewe ulikuwapo na uliona yote yaliyotokea mezani, lakini hukuona yaliyokuwa yakipita ndani yangu, wala hujui kwa nini nilitoka mbio nikaenda kusimama uani kwenye mvua.

Nianze mbali kidogo.

Nilipoolewa na baba yako, Kiswahili changu kilikuwa cha shule. Niliweza kuandika insha na kupata alama nzuri, lakini kuomba chumvi mezani pa watu waliozaliwa ndani ya lugha ni jambo jingine. Kwetu Gesima tulisema Ekegusii kuanzia kuamka hadi kulala. Hapa Nyamira, nyumba ya babu yako, ambaye wazazi wake walikuja kutoka Tanga na biashara ya vitambaa, ilisema Kiswahili hata na paka.

Siku ya kwanza kuketi na shangazi za baba yako, mmoja akaniuliza kwa upole, "Na baba hajambo huko nyumbani?"

Ulimi ukakimbilia Gesima wenyewe. Unajua kwamba kwetu "baba" ni mama. Nikajibu kwa adabu zote, "Baba hajambo, alijifungua juzi, mtoto wa kiume."

Walicheka, Rehema. Mmoja alicheka mpaka akalala ubavu juu ya mkeka. Mimi nilitamani sakafu inimeze. Baba yako peke yake hakucheka. Alingoja kicheko kikaisha chenyewe, akaniuliza, "Kwenu baba ni nani?"

"Ni mama," nikasema.

"Basi hongera kwa mtoto," akasema, akawageukia shangazi zake na kuwaeleza.

Tangu siku hiyo, kila nilipokwama katikati ya sentensi, watu wa nyumba ile walinimalizia. Hawakuwa wabaya, walikuwa na haraka tu. Baba yako hakunimalizia hata mara moja. Aliketi, mkono shavuni, kama mtu asiye na kazi nyingine duniani, mpaka neno langu lije. Mara nyingine lilikuja limevunjika, naye alilipokea hivyo hivyo. Kiswahili hiki ninachokuandikia nilikipata hivyo. Sikukipata kwa kusahihishwa.

Sasa ruka miaka yote ile, uje kwenye asubuhi aliyoanguka hapa dukani akishusha jora la kitambaa cha sare. Ulikuwa umemaliza kidato cha nne, ukisubiri kuitwa chuoni. Wewe ndiwe uliyemshika kichwa nami nikipiga kelele barabarani kutafuta gari la kumpeleka Kisii. Alipotoka hospitali, kiharusi kilikuwa kimemwacha na mkono wa kulia mzito na mguu wa kuburuta, na maneno yote yalikuwa yamekwenda. Lilibaki moja tu, Jumatano.

Akitaka maji, Jumatano. Akitaka kugeuzwa kitandani, Jumatano. Ukimuuliza jina lake anakutazama kwa macho yale yale ya zamani, yenye akili zote ndani yake, anafungua kinywa, linatoka lile lile, na uso wake unaanguka kwa sababu amejisikia mwenyewe. Yule dada mtaalamu wa matamshi kule hospitali alituambia sote wawili, "Maneno hayajafa, yamepotea njia. Mpeni muda ayatafute. Chezeni naye michezo ya maneno. Na tafadhali, msimsemee." Wewe ulimsikiliza. Mimi niliitikia kwa kichwa tu.

Kwa maana nilimsemea, mwanangu. Alipofungua kinywa nilikuwa nimeshajibu. "Anataka chai." "Anasema ahsante." "Amechoka." Niliona ni huruma. Pia nilikuwa na haraka, kama wale shangazi.

Kisha ikatokea ile ya Mama Kerubo. Alikuja kununua sweta ya shule ya mtoto wake, akamkuta baba yako peke yake kaunta, mimi nikiwa nyuma. Akamuuliza kama kuna saizi ya mtoto wa darasa la tatu. Unajua alivyojibiwa. Mama wa watu akaenda zake, na Jumatano akarudi kutoka Kebirigo, na nauli yake na mvua yake, akasema, "Nimekuja kuchukua ile sweta. Mzee aliniambia Jumatano."

Nilicheka naye, nikampa sweta. Wewe pia ulicheka, na hata baba yako alitabasamu upande mmoja. Lakini jioni ile nilimwambia, "Kuanzia kesho uwe unakaa kule stoo, upumzike." Nilisema upumzike. Nilichomaanisha ni usinitie aibu mbele ya wateja. Yeye alikuwa amepoteza maneno, hakupoteza masikio. Alinielewa vizuri sana. Akaingia stoo, akaketi kati ya majora, akawa mtu wa kutazama ukuta. Na hata lile Jumatano likaanza kupungua, mpaka ikapita siku nzima bila sauti yake.

Katikati ya hayo ndipo barua yako ya chuo ilipokuja, upimaji ardhi, kama ulivyotaka tangu ulipowaona wale vijana na vyombo vyao vya miguu mitatu kando ya barabara. Ukaisoma, ukaikunja, ukasema, "Nitawaomba waniwekee nafasi mpaka mwaka ujao. Baba kwanza." Mimi nikasema, "Fikiria vizuri, mwanangu," kama mama mwema. Lakini moyoni nilikuwa nimeshafurahi. Nilijiambia, huyu atabaki. Nikaanza hata kuwaambia wanawake wenzangu kwamba duka limepata mrithi. Nilikuwa nimemweka baba yako stoo, na wewe nilikuwa nakutafutia kiti kando yake.

Ndipo tunafika kwenye fumbo.

Ilikuwa mchana wa mvua, ile ya kwetu inayopiga mabati mpaka watu wanasemezana kwa mikono. Hakukuwa na mteja. Ulimtoa baba yako stoo bila kuniuliza, ukamketisha kwenye meza ya kukatia vitambaa, ukatandaza gazeti mbele yake. Ukurasa wa nyuma ulikuwa na fumbo la maneno, na juu yake limeandikwa "Kazi ni Kazi". Majibu yote yalikuwa majina ya kazi za watu, lakini vidokezo vilikuwa vimepindwa kwa ujanja.

"Mama, njoo utusaidie," ukaniita.

"Mimi nina kazi," nikasema. Nilikuwa nakunja leso zilizokwisha kukunjwa.

Ukasoma kwa sauti ya kushinda mvua: "Hupiga watu mchana kweupe, nao wanatabasamu na kumlipa. Maneno mawili, herufi kumi."

"Bondia!" nikapiga kelele nikiwa kule kule kwenye rafu.

"Mama, maneno mawili. Na nani hutabasamu akipigwa na bondia?"

Ukamtazama baba yako. Akainua mkono wa kushoto, akaweka kidole mbele ya jicho, akakibonyeza hewani. Mpiga picha! Ukaandika. Nami nikaacha leso.

Kwa kweli aliyetunga fumbo lile alikuwa mtundu. "Mwanzo ana akili kama yako, ongeza herufi moja mbele na utamkuta mahakamani." Wakili. "Mchuzi uliozidishwa, unatembeza bidhaa barabarani." Nilikaa na hilo muda mrefu mpaka nikaona ile u ya pili ya mchuuzi, nikapiga meza kwa furaha. Na lile nililolipata mimi peke yangu, usije ukasahau ni mimi: "Ana mala mwishoni, lakini hauzi maziwa." Wewe ulikuwa unahesabu vidole, nami nikaona mala, yale maziwa yaliyochachuka, nikasema seremala kabla hujamaliza kuhesabu. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu baba yako alipoanguka. Yeye naye alikuwa anacheka, kicheko chake cha kukohoa, macho yanatutazama mmoja baada ya mwingine.

Kisha tukakwama. "Samaki anayepokea watoto. Herufi sita, ya kwanza M, ya tatu U."

Sisi watu wa milimani samaki wetu ni wale wanaopandishwa kutoka ziwani kuletwa sokoni. Nikataja mbuta, nikataja kamongo, nikataja hata omena. Hakuna aliyekaa. Nikasema, "Aliyeandika hili amekosea. Samaki gani anapokea watoto? Acheni, nendeni kwingine."

Baba yako akaweka kiganja juu ya gazeti.

"Mm," akasema.

Nilidhani analijibu shauri langu. Lakini midomo yake ilikuwa imebanwa, na mshipa wa shingo umesimama. "Mm. Mku."

Nami, Rehema, nikafungua kinywa. Nilikuwa na "mkufu" tayari ulimini. Nilikuwa na "mkutano". Nilikuwa na maneno yote ya ulimwengu isipokuwa lile lake. Ndipo ulipoinua mkono wako kunielekea, bila hata kunitazama, ukasema polepole, "Mama. Mngoje."

Hujawahi kuniamuru maishani mwako. Nikafunga kinywa.

Hapo hapo akaingia mwanamke mmoja mwenye mwavuli, akaanza, "Mna kitambaa cha..." nikamwonyesha kiganja. Akasimama mlangoni akichuruzika maji. Sote tukangoja. Sijui tulingoja kiasi gani, ila najua kwamba katika kungoja kule niliona mkono shavuni. Ulikuwa mkono wako. Ulikuwa umeketi vile vile alivyokuwa akiketi baba yako zamani, kama mtu asiye na kazi nyingine duniani.

"Mkunga," akasema baba yako.

Ukaanza kuhesabu herufi kwa vidole.

"Mkunga. Ni... ni samaki." Akavuta kidole chake juu ya meza, mstari mrefu unaopindapinda. "Mrefu. Kama nyoka. Shangazi... Tanga. Alinipikia."

Ukaandika herufi moja moja, na zote zikakaa. Mkunga anayezalisha wanawake, na mkunga wa baharini ambaye sisi wa huku hatukuwahi kumsikia. Yule mwanamke wa mwavuli akapiga makofi, ingawa hakujua anashangilia nini. Nami ndipo nilipotoka nikaenda uani.

Ulidhani nalia kwa furaha. Furaha ilikuwapo, ndiyo. Lakini nililia kwa sababu nilikumbuka siku ile "baba" alipojifungua. Mtu huyu alinipa muda alipokuwa kijana mwenye duka na shughuli na shangazi wenye vicheko. Nami, zamu yangu ilipofika, nilimpa stoo.

Usifikiri siku ile ilimaliza mambo. Asubuhi yake nilimpelekea chai nikamuuliza amelalaje, akasema Jumatano. Nilikaribia kukata tamaa kabisa. Lakini sikumjibia. Niliketi kitandani na kikombe mkononi, na kadiri nilivyongoja ndivyo chai ilivyopoa, mpaka akasema, "Vizuri." Ilikuwa chai baridi kuliko zote nilizowahi kumpa, naye aliinywa yote.

Tuliendelea hivyo, kama unavyojua. Kila wiki gazeti, kila wiki fumbo, na neno moja moja likirudi nyumbani kama kuku jioni, mengine yakikataa kuingia bandani. Jina langu lilichelewa sana. Nilimwonea wivu yule samaki, nakwambia kweli. Lilipokuja nilikuwa nimeinama chini ya kaunta nikitafuta mkasi, na nikasikia juu yangu, "Moraa." Hakuniita Mariamu, jina nililopewa siku ya ndoa yetu. Aliniita jina nililotoka nalo Gesima. Niligonga kichwa changu kwenye mbao.

Na yeye amerudi kaunta. Wateja wamejifunza. Mama Kerubo alikuja majuzi, akauliza bei ya kitambaa cha pazia, na kijana aliyesimama nyuma yake akaanza kunung'unika kwamba mzee anachelewesha watu. Mama Kerubo akageuka: "Wewe tulia. Mimi nilingoja sweta mpaka Jumatano, na sikufa." Baba yako akacheka mpaka akasahau bei, tukaanza upya.

Nakuandikia haya yote ili ujue jambo ambalo sikukuambia kwa mdomo. Chuo kilipoandika tena kwamba nafasi yako bado ipo, niliiona barua kabla yako, nikaishika muda. Kuificha sikuwaza. Niliwaza tu namna ya kukwambia "fikiria vizuri" kwa sauti ile ile ya mwanzo. Baba yako alikuwa amesimama pale na mkongojo wake. Akasema, kwa shida, "Mpe." Neno moja tu. Nikakupa. Na ulipoifungua ukapiga kelele ile, nilihisi kitu kikishuka kutoka mabegani mwangu ambacho nilikuwa nimekibeba bila kujua. Nilidhani ningeumia. Badala yake nililala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu asubuhi ile ya jora.

Kwa hiyo usiende na wasiwasi juu yetu. Usinipigie kila saa kuuliza baba amesema nini leo. Tutakupigia sisi, na ukisikia kimya kwenye simu usidhani mtandao umekatika. Ni yeye anatafuta.

Kuhusu kazi unayokwenda kusomea sina la kukufundisha, sijui hata vile vyombo vinavyotazamwa kwa jicho moja vinaona nini. Lakini najua ardhi ya huku. Utatumwa siku moja mahali ambapo ndugu wawili wanagombania mpaka, na kutakuwa na mzee mmoja au bibi mmoja anayezungumza polepole, na kila mtu amechoka kumsikiliza. Mimi ningekuwa mtu wa kutazama saa. Nilikuwa mtu huyo. Wewe si mimi, na hilo ndilo linalonipa amani kukuacha uende.

Na ukikuta mtu anakumalizia sentensi zako, awe mwalimu, awe rafiki, awe kijana anayekupenda, usimchukie upesi. Huenda ana haraka tu. Lakini usikae naye muda mrefu.

Haya, baba yako amerudi. Amevua viatu, ameketi mbele yangu, ananiuliza kwa macho ninachoandika. Nimemwambia ni barua yako. Nimemuuliza kama ana neno la kukuambia, nami nitaliandika kama lilivyo. Amefunga macho. Anafikiri. Mimi nimeweka kalamu chini, mkono shavuni.

Nilitarajia dua. Nilitarajia labda "Mungu akutangulie". Nimengoja mpaka nimesikia majirani wakifunga madirisha yao, na sikuingiza neno hata moja. Haya ndiyo aliyosema, na ni maneno marefu kuliko yote aliyoyasema kwa mfululizo tangu augue:

"Mwambie... lile blanketi jekundu... aliloweka kwenye sanduku... ni langu. Aliache."

Nimelitoa, nimempa. Nimekuwekea langu.

Mama yako,
Moraa